Upande wa Pili wa Kanda

Garland, 12 Januari 2003

Ami yangu Shaame,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe na mkeo Mama Hadiya mu wazima huko Missouri City, na goti lake limepoa. Sisi huku wazima. Baba wamembadilisha zamu pale ghalani, sasa anaingia alfajiri, akirudi hata kula hawezi. Mama anakusalimu. Mdogo wangu Ridhwan anaota meno ya mbele na anasema bila ya kupumua, hata mwalimu wake kamwandikia mama kikaratasi kwamba mtoto apunguze maneno darasani. Mama alicheka, akakibandika kwenye friji. Mimi sijawahi kuandikiwa kikaratasi kama hicho.

Kifurushi chako kilifika Jumatano. Nimehesabu kama ulivyoniagiza: fomu thelathini, insha thelathini, kanda thelathini fupi, za dakika tano kila upande. Kila nikitoka skuli napitia maktaba kunakili alama na maelezo yako kwenye kompyuta. Mwandiko wako naujua, sipati tabu, ila pale ulipoandika kwa hasira.

Kazi yenyewe sasa nimeielewa. Kile chuo cha Walakota, wenyeji wa asili wa kule Dakota ya Kusini, ulikokuwa ukisomesha, kinataka kujua kama wanafunzi wake wote, awe anasomea uuguzi au mifugo au ualimu, wanatoka na mambo matano ambayo hakuna anayeruhusiwa kutoka bila ya kuwa nayo. Kuandika. Kusema mbele ya watu. Kufikiri. Hesabu. Na lile la tano walilolitunga wenyewe, la mtu kuwajua jamaa zake na kuwatendea linalompasa. Wewe unaletewa kazi zao zimefutwa majina, unatoa namba, moja mpaka nne. Msomaji mwengine kule chuoni anatoa za kwake, na mkipishana sana mnazungumza.

Nina swali, na usinikasirikie. Ni mwanafunzi namba kumi na saba. Kwenye insha umempa nne na pembeni umeandika kwamba huyu ana kichwa. Kwenye kusema umempa moja. Ulisema kanda si za kusikilizwa na mimi, ni za kurudishwa tu, lakini nimezisikiliza, nakiri. Ya kwake nimeirudia mara nne, nimejifungia chooni na redio ya Ridhwan. Anaeleza mto ulivyobadilisha njia ukala shamba la bibi yake. Dakika moja na kitu. Sauti yake ndogo, lakini kila neno liko mahali pake. Halafu ananyamaza. Unasikia mtu anakohoa, kiti kinaburutwa, kimya, mpaka upande wa kwanza wa kanda unakwisha.

Maelezo yaliyo juu ya fomu yanasema moja ni sawa na mtu ambaye hakuonyesha chochote. Lakini huyu alionyesha, kisha akanyamaza. Niambie kama nakosea.

Mwanao,
Nahla


Missouri City, 27 Januari 2003

Mwanangu Nahla,

Wa alaykumu ssalaam, marahaba. Sisi tunamshukuru Mungu. Mama Hadiya goti bado linamsumbua, na kule hospitali anakofanya kazi wanamsimamisha kwa saa kumi na mbili mfululizo kama nguzo. Anakusalimu, anasema uje likizo akufundishe kupika mkate wa mofa, maana mama yako ameshaacha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Sijui kijana mwengine katika Texas nzima anayeandika Kiswahili namna hii. Nilimwonyesha Polycarpe, Mkongo tunayesomesha naye masomo ya jioni. Aliuliza umetoka kwetu lini. Nikamwambia ametoka Pemba na miaka minane, ana darasa la pili tu, mengine nimemfundisha kwa barua. Akadhani namtania. Ndiyo maana nakataza simu kati yetu. Kwenye simu wewe hunipa pumzi tu.

Ama kuhusu namba kumi na saba. Hatupimi moyo wa mtu, tunapima kilichomtoka. Sharti lilikuwa dakika tano mbele ya wasikilizaji. Yeye kasema moja, nne, bila ya shaka, akatazama sakafu. Mimi nimekaa na watoto wale miaka sita, na ni kwa sababu nawapenda ndiyo siwapi alama za huruma. Wakaguzi kutoka nje watakuja kuamua kama shahada za chuo kile zina thamani ya shahada za wengine. Wakinusa upendeleo, wamekwisha. Msomaji wao wa kule chuoni, mwalimu mwenyewe wa somo hilo, kampa binti huyo nne. Nne kwa kunyamaza. Na lile jambo lao la tano, la jamaa na jamaa, niambie utalipima kwa rula gani.

Mimi kanuni yangu ni moja tangu ujana: ukipewa kumpima mtu wako, sahau kwamba ni wako. Ndiyo heshima ya kazi hii.

Maliza kunakili, unitumie. Kazi hii si ya kuonyeshwa watu, na nimekupa wewe kwa sababu wewe si msemaji. Na habari za skuli mbona hunipi? Kila barua Ridhwan, Ridhwan.

Ami yako,
Shaame


Garland, 28 Februari 2003

Ami yangu,

Assalaamu alaykum, shikamoo. Eid ilipita salama, mama alipika biriani la watu ishirini tukalila wanne, siku tatu. Wiki hii barafu imeshuka mpaka miti imeinama, skuli ikafungwa, na baba akalala siku mbili mfululizo kama mtoto. Mpe pole Mama Hadiya.

Umeuliza habari za skuli. Mama alisema nisikusumbue nazo, lakini umeuliza.

Mimi nasoma chumba namba tisa. Kiko chini, karibu na stoo ya viti. Tuko kumi na mmoja, na sisi ndio tuliochelewa lugha. Mwalimu ni mtu mwema, hana kosa. Asubuhi ananyanyua picha anauliza hii ni nini. Hii ni embe, hii ni ngazi. Ami, nina miaka kumi na sita. Najua neno la ngazi kwa lugha mbili, lakini akishanitazama vile, akasubiri, nayaweka macho mezani. Nimekuwa katika vyumba vya namna hiyo tangu nilipofika. Mitihani ya kuandika nashinda, kila mwaka. Ya kusema nabaki sifuri, kila mwaka. Kwenye korido wananiita bubu, hata wale wanaonipenda.

Mwezi huu ameletwa mshauri mpya wa wanafunzi, Mkenya, anaitwa Bi Kanana. Alinikuta wakati wa chakula nikianza barua hii. Akasoma mistari miwili akiwa nyuma ya bega langu, mimi nikaifunika kwa mkono. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya meza nzima: "Hii ni wewe umeandika? Na ni nani alisema hujui kuongea?" Watu wakageuka. Nilitaka ardhi inimeze. Nikatikisa kichwa, ya kwamba sijui ni nani.

Siku ya pili aliniita ofisini akafungua faili langu. Ndani kuna karatasi ya Agosti 1995. Inasema mtoto huyu alipimwa kwa lugha yake ya kwanza na msomi wa lugha hiyo. Maswali kumi na mawili. Majibu hakuna. Na chini yake: mtoto hana lugha ya kutosha, si ya kwao wala ya hapa. Bi Kanana akanifafanulia taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Mtoto mgeni akinyamaza kwa Kiingereza, wanamsubiri. Akinyamaza hata kwa lugha ya mama yake, wanasema ni ugonjwa. Ile karatasi ndiyo iliyonipeleka kule chini.

Na haikwishi hapo. Wa chumba namba tisa hufuata mpango mfupi wa masomo, na cheti chake vyuo vikuu havikipokei. Kamati ya skuli inakaa tarehe 15 Mei kuamua nitasoma nini darasa la kumi na moja. Bi Kanana hana ruhusa ya kunipima, lakini anasema aliyenipima mwanzo akiandika ukurasa mmoja tu wa kusahihisha, kamati italazimika kulifungua faili upya.

Sahihi iliyokuwa chini ya karatasi sikuitazama sana.

Ami, wewe ni mtu wa kazi hizi. Nakuomba uniandikie ukurasa huo.

Fomu zako nimezinakili zote, zimo humu. Ila mstari wa namba kumi na saba, pale kwenye kusema. Kwanza niliandika nne. Nikaifuta, nikaona aibu. Halafu moja ikanishinda kuiandika, nikaacha pawazi. Nisamehe.

Mwanao,
Nahla


Missouri City, 30 Machi 2003

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, mambo yalinizonga. Mama Hadiya amepunguziwa saa za kazi, goti limeshukuru ingawa yeye analalamika. Vita vya Iraki ndivyo hivyo vimeanza. Mwambie baba yako pale ghalani asichangie maneno, asikilize tu na afunge mikanda ya maboksi yake. Ridhwan nimemnunulia kitabu, mama yako amfunike mdomo nacho.

Fomu nimezipata. Ule mstari uliouacha wazi umenitia aibu. Nilizipeleka bila ya kukagua, nikiamini mkono wako, nao chuoni wakanipigia simu kuuliza kama nimebadilisha nia. Nikalazimika kusema ni kosa la kunakili. Usirudie. Sasa mimi na yule mwalimu tumepishana namba tatu, na lazima tukae kwenye simu tuelewane. Nitamsikiliza, lakini sioni kitakachonibadilisha. Nikwambie pia, na usimtangazie mtu: wanataka kunifanya mkuu wa wapimaji kuanzia mwaka ujao. Mtu wa nje, Mwafrika, Mzanzibari. Haijapata kutokea.

Kuhusu skuli yako, nimesikitika. Watu wa huku ni watumwa wa makaratasi. Lakini barua yangu haitakufaa. Mimi ni ami yako. Watasema mtu anatetea damu yake. Mwambie huyo Bi Kanana atafute mtu wa nje, asiyekuhusu. Na usiyachimbe sana ya zamani. Waliofanya kazi ile walikuwa na nia njema, walitaka upate msaada.

Soma sana. Kaa na mama yako.

Shaame


Garland, 6 Aprili 2003

Ami Shaame,

Shikamoo. Mama mzima, baba mzima, Ridhwan meno yameota. Salamu nimezimaliza, maana nikiziendeleza nitapata pa kujificha.

Umesema waliofanya kazi ile walikuwa na nia njema. Umejuaje nia yao?

Mwandiko niliujua kwenye neno la kwanza, kabla sijafika kwenye sahihi. Ile herufi yako yenye mkia. Nimenakili fomu thelathini zenye mkia ule. Nilikwambia sikuitazama sahihi; nilisema uongo. Nilitaka uanze wewe, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Huenda siku yenyewe umeisahau. Tulikuwa na siku kumi na moja tangu kushuka kwenye ndege. Wewe ulikuwa likizo, umekuja kwa gari kutoka Dakota. Nilikuwa sijakuona ila kwenye picha kwa bibi kule Wete, umevaa joho la mahafali. Bibi aliifuta ile picha kila Ijumaa kabla ya kufuta kioo cha saa. Skuli walitaka mtu aliyesoma na anayejua Kiswahili, na baba akatwambia nyumbani yupo, tena ndiye mkubwa wao. Kwenye gari mama aligeuka nyuma akanifunga mtandio vizuri, akanambia nikifika mbele ya ami yangu niweke macho chini na nisijibizane naye. Nikasema sawa. Siku ile sikusema neno jengine.

Ulikaa upande wa pili wa meza. Ulikuwa na saa ya mshipi wa ngozi ya kahawia, naijua kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiitazama. Uliniuliza Pemba tulikuwa tukicheza nini. Nilikuwa nalo jibu. Tulikuwa tukicheza nage, na mimi nilikuwa sipigwi mpira, waulize wa mtaani. Ukaniuliza bibi anafuga nini. Kuku saba na paka mmoja asiye mkia. Ukaniuliza hivyo mara kumi na mbili, na kila swali nikainamisha kichwa zaidi, kwa sababu nilidhani hicho ndicho unachonipima. Nilidhani unatazama kama nimelelewa. Nilipotoka nje nilimwambia mama nimefanya vizuri sana, sikufungua mdomo hata mara moja. Akanibusu.

Mtu wa huku angekosea, ningemsamehe. Wewe umelelewa na bibi yuleyule, katika nyumba ileile. Kimya kile ulikijua ni nini. Ukakiandikia sifuri.

Na liko jengine. Juu ya fomu, mstari wa pili, wanauliza kama mpimaji ana undugu wowote na mtoto. Umetia alama kwenye hapana.

Unasema barua ya ami haina uzito. Kwenye faili wewe si ami yangu. Kwenye faili wewe ni mtu wa nje, asiyenihusu, ndiye yule unayetaka Bi Kanana akamtafute.

Kuhusu namba kumi na saba. Kabla ya kuzirudisha kanda niliigeuza ile ya kwake. Sidhani kama wewe uliigeuza, maana upande wa pili haukuandikwa kitu. Kinaanza kikohozi kilekile. Halafu inatoka sauti ya mzee, anajitaja kuwa mjomba wa mama yake, kumbe alikuwa amekaa mbele kabisa. Anamshukuru binti kwa kumwachia nafasi. Anaendelea na ule mto, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, watu wanacheka, watu wananyamaza, kisha anamrudishia na binti anafunga kwa sentensi moja ambayo nimeihifadhi. Anasema mto haukuhama, ulirudi kwao, sisi ndio tulikuwa tumekaa kwenye kitanda chake. Desturi zao sizijui na sitajifanya nazijua. Lakini hakunyamaza kwa kukosa la kusema.

Tarehe 15 Mei, ami. Ukurasa mmoja.

Nahla


Missouri City, 14 Mei 2003

Mwanangu Nahla,

Wa alaykumu ssalaam. Natumai wote wazima. Huku joto limeanza mapema, na mbu wake. Mama Hadiya anakuletea halua, imo kwenye kiboksi, ile ya Maskati, mpe na Ridhwan.

Nina habari itakayokufurahisha. Niliomba kanda nirudishiwe, nikaigeuza, nikasikia ulichokisikia. Nilikaa na mshangao. Nikampigia yule mwalimu mwenyewe, nikamwambia nimekosea. Aliniambia binti yule, kwa malezi ya kwao, hawezi kumaliza habari ya mto ule na mzee yule amekaa mbele yake. Binti alisema fungu lake, akamwachia mzee lake, na kujua fungu lako ndiyo kusema kwenyewe. Nimempa nne, Nahla. Tena sikuishia hapo. Nimewaandikia kurasa tatu kwamba kimya si utupu, kwamba mpimaji asiyejua nani amekaa mbele ya mwanafunzi hajapima kitu, na kwamba fomu zote zibadilishwe zimuulize hilo kwanza. Mkuu wa chuo ameisoma barua ile mbele ya walimu wake wote. Wameniambia hawajapata kuona mtu wa nje mnyenyekevu namna hii. Uteuzi wangu wa ukuu umepita. Nakala nimekuwekea humu, uisome, utaona nawe umo ndani yake ingawa sikukutaja.

Ama lile jengine. Maneno yako yameniumiza. Sikutegemea mtoto niliyemfundisha kuandika aitumie kalamu hiyo kwangu. Mwaka ule nilikuwa kijana, makaratasi yangu mwenyewe ya kukaa nchi hii yalikuwa mezani kwa watu, na fomu za huku zina viboksi visivyohesabika, mtu hutia alama mbiombio. Nikiandika leo, jambo la kwanza wataniuliza ni kwa nini sikusema wakati ule. Na mtu anayeanza kazi ya kuwakagua wapimaji wenzake hawezi kuanza na jambo kama hilo. Wewe ni mtu mzima sasa, utaelewa. Nitazungumza na baba yako tuone njia nyengine. Mwaka mmoja si mwingi.

Ami yako anayekupenda,
Shaame


Garland, 2 Juni 2003

Ami Shaame,

Shikamoo. Halua imefika. Ridhwan ameila yote.

Barua yako umeiandikia tarehe ya 14 Mei. Muhuri wa posta ni wa tarehe 19.

Kamati ilikaa siku ile ile iliyopangwa. Watu watano kwenye meza, mama na mimi upande wetu, Bi Kanana kwenye kiti cha pembeni kwa kuwa hana kura. Mwenyekiti aliuliza kama ipo barua yoyote kutoka kwa mpimaji. Bi Kanana akasema haijafika. Aliufungua mkoba wake akatazama tena, na alijua haimo. Mwenyekiti akauliza kama mimi nina la kusema, kama wanavyouliza tu, huku anafunga kalamu.

Nikasimama. Sitakudanganya, nilishika meza. Nikasema kwa Kiswahili kwamba Pemba tulikuwa tukicheza nage na mimi nilikuwa sipigwi. Kwamba bibi alikuwa na kuku saba na paka asiye mkia. Nikayajibu maswali yako yote kumi na mawili, moja moja, kwa mpangilio ulivyoyauliza, maana sijayasahau. Nilisema dakika nne. Nadhani ningefika tano.

Wakanisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti alimwuliza Bi Kanana nimesema nini, akamwambia. Akanishukuru. Kisha akaeleza kwamba hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kukipima kile nilichokisema, kwa hiyo hakiwezi kuandikwa kuwa ni kusema. Nimeuona muhtasari. Umeandikwa hivi: mwanafunzi alitamka maneno kwa lugha nyengine, mpimaji hakuwepo. Mwaka ujao ni chumba namba tisa, mpango mfupi.

Mama hakujua. Miaka yote hii hakujua karatasi ile ilisema nini, alidhani ni mimi tu nilivyoumbwa. Aliyasikia maswali yale pale mezani kwa mara ya kwanza, na majibu yake. Kwenye gari hakuwasha injini. Akasema: "Nilikwambia macho chini. Sikukwambia ufe." Halafu akatoa kichana kwenye mkoba akaanza kunichana nywele pale pale kwenye maegesho, mtandio umeshuka mabegani, kama nina miaka minane.

Baba anasubiri umpigie. Bado anasubiri.

Kurasa zako tatu nimezisoma. Ni nzuri. Sijasoma kitu kizuri kama kile juu ya kimya, na nilikuwa nikitafuta. Namfurahia namba kumi na saba, kwa kweli, na usione nasema kwa kijicho. Umeandika nimo ndani yake. Nimejitafuta mara tatu, sikujiona.

Bi Kanana hakukubali kuacha. Ameiomba kamati, nayo imekubali, kwamba mwezi wa Agosti waandike upya kwa mpimaji pekee aliyemo kwenye faili. Kwa hiyo fomu itakuja kwako, Missouri City, kwa posta ya rejista. Hawajaibadilisha tangu mwaka ule. Mstari wa kwanza ni jina la mtoto. Mstari wa pili ni lile swali la undugu, na viboksi vyake viwili. Wale wa chuo chako wana jambo lao la tano ulilouliza linapimwa kwa rula gani. Nadhani ni hiyo.

Utahitaji kitu cha kupima. Nimekuwekea kanda, nimeirekodi kwa redio ya Ridhwan. Mimi sitaandika tena mpaka fomu ile irudi, na Mama Hadiya mwambie si yeye niliyemkasirikia.

Upande wa kwanza hauna kitu. Usiishie hapo.

Nahla binti Sufyan